Kibao cha Mama Mutalemwa

Mdogo wangu Evelina,

Marahaba. Najua umeshaniamkia huko Magu, basi nimeitikia kabisa. Sisi wazima, na mbuzi wako kazaa pacha.

Mjini siku hizi kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka kibao. Wanakuja kwa nani? Kwa kaka yako. Hawa vijana wanajaza kibao maua, samaki na mpira mpaka jina linakosa hewa. Mimi naacha nafasi, napaka rangi nzito juu ya nyeupe, na mtu aliye ng'ambo ya ziwa anasoma bila kukunja uso.

Juzi nilimwandikia kibao Mama Mutalemwa, yule Mhaya mwenye mgahawa pale Nyamagana. Mkono wangu unajua makopo yalivyopangwa, nikachovya la bluu, nikaweka jina katikati likatulia kama bibi harusi. Mama akatoka kutazama.

"Mzee Chenge, jina liko wapi?"

Kumbe makopo yalisogezwa. Nimeandika nyeupe juu ya nyeupe.

Nikamwambia, "Mama, mimi sioni."

Wote waliokuwa pale mgahawani wakaangua kicheko. Yeremia fundi baiskeli akasema, "Leo babu katoa mpya." Nikarudia, wakazidi. Mwisho nikacheka nao, ningefanyaje?

Evelina, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wewe unajua nikitania na nisipotania. Herufi hizi kubwa sikuziandika kwa maringo.

Ukijibu, tumia wino mweusi, na uache nafasi kubwa kati ya maneno.

Kaka yako,
Chenge