Pingamizi la Baba

Toowoomba,
9 Agosti

Mdogo wangu Garth,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na mimi nakujua: wewe husoma umesimama, mkono mmoja umeshika spana. Hujambo? Mgongo wako je? Najua huko Kununurra jua linawaka hata mwezi huu, ilhali sisi huku tunaamka umande umeganda kwenye nyasi na mimi naenda saluni nimevaa soksi mbili mbili. Mimi ni mzima, ila magoti yananikumbusha umri kila ninapomaliza kichwa cha mwisho jioni. Baba naye ni mzima wa mwili. Mengine yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga. Kila nikimtaja Baba, mtandao wa Kununurra unakatika. Ajabu ni kwamba nikitaja kriketi haukatiki. Basi nimeona heri karatasi. Unaweza kuichoma, lakini huwezi kunikatia katikati ya sentensi.

Macho ya Baba yanakwisha. Daktari anasema ugonjwa unakula katikati na kuacha pembeni. Jicho la kushoto katikati hapana kitu tena, na la kulia linafuata. Gazeti hasomi. Ukimwekea sahani mbele yake haioni nyama mpaka ageuze kichwa kando kidogo, kama kuku anayechungulia punje. Funguo za gari alizileta mwenyewe akaziweka mezani kabla hajaambiwa, halafu akaenda kulala bila kula. Unamjua, hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Mtu ambaye maisha yake yote ni kamera, hilo ni jambo zito. Nawe unakumbuka alivyokuwa: picha ni ya mnyama aliye huru, umfuate kwa miguu, ulale matopeni, urudi na mbu na bila picha. Picha za wanyama wa kufugwa aliziita kuwinda kuku bandani. Unakumbuka pia yule chiriku wa kaskazini, mwenye kifua cha zambarau na tumbo la njano, ambaye Baba na Mama walimfuata mara mbili wasimpate. Mama yeye alimwona, wakati Baba amejificha nyuma ya gari anakojoa. Mpaka Mama anafariki Baba alishikilia kwamba alichoona ni karatasi ya peremende.

Baada ya funguo nilitafuta mahali pa kumpeleka asije akakaa kutwa nzima akisikiliza friji. Nikampeleka kwenye bustani ya wanyama hapa nje ya mji, kwa sababu njia ni tambarare na mabenchi hayaishi. Garth, alikaa pale kama mtu aliyeletwa polisi! Kamera alikuja nayo lakini haikutoka mkobani. Tulikwenda hivyo wiki kadhaa, yeye akinung'unika na mimi nikinywa chai ya chupa.

Hapo ndipo alipotokea Ilona Szabo. Ni bibi wa kutoka Hungaria, mjane, mnene, mwenye kiti chake cha kukunja, na kila Jumatano yumo mle na kamera. Anajua nani amezaa na nani amenuniana na nani. Akaja akakaa ubavuni mwa Baba na kumwuliza, "Mzee, hiyo kamera umeileta ipate hewa?" Baba akamjibu kwamba yeye hapigi picha wafungwa. Ilona akasema, "Kwani huyu aliomba kuletwa humu? Amefungwa, halafu na wewe unamnunia? Haya." Akainuka akaenda kwa swala wake. Njia nzima ya kurudi Baba alikumbatia mkoba wa kamera, na nilidhani amekasirika. Jumatano iliyofuata alikuwa amevaa viatu kabla sijaamka.

Ilona ndiye aliyemfundisha kupiga picha kupitia wavu: lenzi uibandike kwenye waya kabisa, usubiri mnyama asogee mbali, na waya unayeyuka kwenye picha kana kwamba haukuwepo. Baba wetu, aliyefundisha nusu ya mji huu kushika kamera, akafundishwa upya kama mwanafunzi wa kwanza. Na kwa kuwa haoni katikati, Ilona akawa jicho lake. Ungewasikia wakibishana. "Juu kushoto. Shuka. Kushoto, mzee, nimesema kushoto!" "Kushoto kwako au kwangu?" "Tumekaa benchi moja tunatazama upande mmoja, kushoto ni ngapi?" Usiinue nyusi. Ni chai tu na biskuti, ingawa siku za Jumatano ananyoa ndevu.

Mle ndani kuna kizimba kikubwa cha ndege, na kwenye kizimba hicho wamo chiriku wale wale. Baba alipowasikia sauti alisimama akashika waya kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hakutaka kwingine. Kila ndege wa mle amevishwa pete ndogo mguuni, alama ya kufugwa, na mimi nikaanza kuona jambo lililonitia wasiwasi. Baba alikuwa anamwuliza Ilona kila mara, "Mguu unaonekana?" Ukionekana, habofyi. Anangoja mpaka ndege atue nyuma ya jani la nyasi, pete ifichike. Zile picha zilizotoka na pete aliniambia nizifute zote.

Ikaja jioni ya tuzo za mwaka za klabu ya wapiga picha. Baba alipeleka picha moja tu, ya chiriku huyo, na akaiingiza kwenye kundi la wanyama wa porini. Nilipomwuliza garini, akasema niangalie barabara. Niliogopa, Garth. Nilijiambia ama akili yake inafuata macho, ama baba yangu amekuwa mwongo uzeeni, na sikujua lipi ningeliombea liwe la kweli.

Ukumbi ni ule ule. Viti vile vile vya plastiki, birika lile lile kubwa la chai linalovuja, keki za nazi na chokoleti kwenye sahani za watu. Mimi sikuwa nimekanyaga mle tangu usiku wa picha yako ya dingo, yule mbwa wa mwituni, na nilipoingia tu nilikuona ukiwa na miaka kumi na saba, umevaa shati la Baba. Uliingiza picha yako kwenye kundi la wanyama wa porini kwa sababu ulidhani mnyama wa porini ni wa porini hata akiwa kizimbani. Dingo amelaza kidevu juu ya miguu, anatazama upande. Nasema mpaka leo ilikuwa picha nzuri kuliko zote ukutani. Baba akasimama akasema ana pingamizi, mnyama huyu ni mfungwa na aliyempiga picha amewinda kuku bandani. Watu wakacheka. Wewe ukaenda ukaitungua picha mwenyewe, ukarudi nyumbani kwa miguu, na kamera ukaiuza wiki hiyo hiyo. Sikukumbushi ili nikuumize. Nakukumbusha kwa sababu ya yaliyofuata.

Jaji alikuwa msichana kutoka Brisbane, mpole, hamjui mtu. Alipofika kwa chiriku wa Baba alisimama kwa muda mrefu. Akasifu subira ya mtu aliyelala kifudifudi kando ya maji mpaka ndege akamsahau. Akasema tuzo ni hii. Mwenyekiti, kama ilivyo desturi yao, akauliza kama yupo mwenye pingamizi.

Hakuinuka mtu. Nusu ya ukumbi wanajua kwamba Baba hawezi kwenda dukani peke yake, sembuse kaskazini. Nusu nyingine wamepiga picha kwenye kizimba kile kile. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Sijui ilikuwa heshima au huruma. Baba alikaa akingoja, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza. Halafu akashika kiti cha mbele yake, akasimama na kusema, "Nina pingamizi."

Mtu mmoja akacheka akidhani ni mzaha. Baba akasema ndege huyu ni mfungwa, ana pete mguuni, na aliyempiga picha ni yeye mwenyewe, Alwyn Pascoe, amewinda kuku bandani. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Kaa, mzee wetu, tumekuelewa." Baba akamwambia hajamaliza, na hawajaelewa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo nililotumwa. Baba alisema kwamba maneno hayo aliwahi kumwambia mwanawe mbele ya watu, na waliokuwepo wanakumbuka. Wasilolijua ni kwamba jioni moja kabla yake wewe uliileta picha ile mezani wakati wa chakula kumwonyesha. Yeye akamtambua dingo palepale. Sikio lake lilikuwa limechanika, na mji mzima ulimjua dingo yule. Angeweza kusema, mwanangu, hamisha kundi. Badala yake alisema, "Nzuri," akaomba chumvi. Alikuacha uipeleke makusudi. Alitaka ujifunze mbele ya watu, kwa kuwa kosa la hadharani halisahauliki.

"Na kweli hakusahau," akasema. "Nilitaka na mimi niambiwe maneno yale, nijue yanavyoingia. Lakini nyinyi mmenyamaza, ikabidi nijiambie."

Akatoka kwenye safu, akaenda ukutani kuitungua picha yake. Hakuiona ndoano. Akapapasa ukuta kwa viganja, na ukumbi mzima ukimtazama. Nikainuka kwenda kumsaidia, akasema, "Acha, Noelene." Aliipata mwenyewe, akaiweka chini ya kwapa, na Ilona akamfungulia mlango huku analia waziwazi bila kujifuta.

Mimi, mdogo wangu, miaka yote hii nilidhani kama wewe, kwamba alimtambua dingo pale pale ukumbini na mdomo ukamponyoka. Mama naye alikufa akidhani hivyo. Kumbe ulimwonyesha kwa furaha yako, na yeye alikuwa anajua. Nilimkasirikia sana. Asubuhi nilimpa mkate ulioungua nikijua umeungua. Akaula wote. Hasira yenyewe bado ninayo, nakuambia ukweli, na huruma pia ninayo, na zote mbili nazipikia uji kila asubuhi.

Yeye ndiye aliyesema nikuandikie. "Mwandikie lile la mezani, na usilipambe." Angeandika mwenyewe ila mistari inampotea. Msamaha hakuniambia nikuombee. Anasema huo haupelekwi na posta, mtu husimama akauomba kwa mdomo wake.

Mwezi wa Septemba nitafunga saluni kidogo. Ilona anasema wakati huo vidimbwi vya huko kwenu kaskazini vinakauka na chiriku hushuka kunywa asubuhi. Nilimwambia Baba, basi, hatimaye utampata ndege wako akiwa huru. Akasema ndege huyo amekwisha mwona, na kwamba huenda Mama alisema kweli, haikuwa karatasi. Anataka kukuona wewe. Siku ya mazishi ya Mama aliona mgongo wako tu ukitoka mlangoni. Daktari hatuahidi lolote baada ya Krismasi.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka: tuje au tusije? Ukisema tusije, nitamwambia hivyo hivyo, wala sitakulaumu, maana aliyeumizwa ni wewe. Ukisema tuje, usijisumbue kununua kitu. Anakula chochote siku hizi, kama ulivyosikia habari za mkate.

Nisalimie mkeo, na mbusu Tess. Mwambie ana shangazi anayekata nywele bure na babu ambaye hajawahi kumwona. Ilona anakusalimu ingawa hakujui.

Jambo moja tu nilitaka ulijue mapema, ukikubali. Baba akishuka kwenye ndege atakuja asimame mbele yako, halafu atageuza uso, atazame bega lako au ukuta ulio kando yako. Usidhani anakukwepa, Garth. Akikutazama usoni hakuoni. Ukimwona ametazama pembeni na kutulia, simama hapo hapo usisogee, maana ndipo anapokuona.

Dada yako,
Noelene