Chupa Namba Nne

Jumatano, 12 Februari 1997

— basi nilikomea kwenye chupa. Jana nilikuwa naandika vizuri tu, Salu akaingia na habari za harusi ya Nyalikungu, kalamu nikaiweka, ikawa ndiyo basi. Salu ni jirani yangu, mke wa fundi cherehani. Akiingia kwako hatoki mpaka mboga iungue. Na mimi ndiyo hivyo, simfukuzi.

Chupa ni sita. Za kioo, rangi ya chai, kila moja ina karatasi na namba. Kanipa Wilhelmina. Huyu binti ametoka chuo, Dar huko, wamekuja watafiti watatu na gari. Wanataka mambo matatu: dawa ya pamba tunanunua kwa nani na bei gani, dawa hiyo inaingia kwenye maji ya kunywa au haiingii, na watu wanaumwa nini msimu wa kupulizia. Nikamwambia mwanangu, hayo matatu hata mimi ningekujibu bila gari. Akacheka. Akasema lazima ipimwe.

Zamani dawa ilikuja na ushirika, na bwana shamba nyuma yake anakemea watu wavae mikono mirefu. Tangu biashara waachiwe watu binafsi, dawa iko mnadani. Inamiminwa kwenye chupa ya soda, unaziba na gunzi. Maandishi hakuna. Harufu ikikupiga kichwani watu wanasema hii ndiyo yenyewe.

Kazi yangu kuwapeleka nyumba kwa nyumba, maana nawajua wote. Halafu Jumatatu ijayo, wakati kila mtu anapuliza, nichote maji visima sita. Mara moja tu, kwa sababu barafu inatoka Bariadi mjini na gari linarudi siku hiyohiyo. Na hili daftari — mbele naandika nani anaumwa. Nyuma huku ni kwangu. Wilhelmina kaniapia hasomi huku. Ameshajifunza kuniita mayu, kama tunavyowaita mama zetu hapa. Anakosea kidogo lakini naitikia.

Darasa la nne na ngumbaru. Leo mimi mtafiti.

Jumatatu, 17 Februari

Sijui niandikeje.

Namba moja, pampu ya hapa kwetu, sawa. Mbili, tatu, sawa. Unasuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima kilekile, unajaza mpaka shingoni, unafunga, unaweka kwenye sanduku la barafu. Namba nne ni shimo la mtoni, lile wanalochimba kwenye mchanga. Wanakunywa watu wa upande wa kule, kwa Minza binti yangu. Mtu akiteremka pale anakohoa, ili aliye chini ajue. Mimi mtu wa kelele, siku moja hiyo nimepita kimya. Nilikuwa nahesabu hatua, Wilhelmina kasema nihesabu.

Zengo alikuwa shimoni. Mkwe wangu, mume wa Minza. Anaoga, hana hata kitambaa. Bomba la kupulizia liko pembeni, amelifungua, analisuuza humohumo. Povu jeupe linarudi kwenye maji.

Mkwe. Huyu hatuli chumba kimoja. Nikimuona njiani naingia kwenye mtama wa watu, na yeye anaingia upande wa pili. Miaka saba hajawahi kuniita, mimi sijawahi kumtazama usoni. Leo nimemtazama kote isipokuwa usoni.

Nimekimbia na mguu wangu huu mbovu. Sijui kama kaniona. Nikajificha kwenye minyaa nisubiri aondoke, nikasikia kengele za ng'ombe wanaokuja kunywa. Wachungaji wangenikuta pale, mama mzima, nachungulia wanaume wakioga! Nikaondoka na chupa tupu.

Tano na sita nikachota. Nikapita tena kwenye pampu yetu. Namba nne nikaijaza maji ya namba moja. Nimeisuuza mara tatu. Hata kudanganya nimedanganya kwa utaratibu.

Wilhelmina kanipokea sanduku, kasema mayu umefanya kazi nzuri. Gari likaondoka.

Jumanne, 18 Februari

Salu kaja, kanitazama. Mbona leo husemi, umekula gundi? Nimesema jino.

Jumapili, 9 Machi

Minza kapita baada ya ibada na Kwandu mgongoni. Huyu mjukuu wangu ana miaka minne, kwa kawaida akifika ananikagua mifuko kabla ya salamu. Leo kalala tu begani. Anatapika tangu Ijumaa, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Zahanati wamempa vidonge vya malaria. Zengo alipuliza tena Alhamisi — sikuuliza, Minza kasema mwenyewe.

Nimeandika mbele: Kwandu, miaka minne, kutapika, mate, kutetemeka. Nimeandika kwa mwandiko mzuri, kama vile mwandiko utasaidia.

Nikamwambia Minza, chota maji pampu ya kwetu.

"Mama, saa nzima kuja, saa nzima kurudi, na ndoo kichwani? Mtoni si hapo tu."

"Mtoni pachafu."

"Pachafu nini? Na wewe ndiye uliyepima."

"Sikupima mimi. Nilichota."

"Basi si tungojee karatasi."

Nimempa ndoo mbili za pampu, kabeba moja. Moja. Mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Nilisimama njiani mpaka akapotea, mdomo umejaa maneno na sikutoa hata moja. Mimi, ambaye habari ya mtu naitoa kabla hajamaliza kunisimulia.

Alhamisi, 20 Machi

Karatasi imekuja. Mkutano ofisi ya kijiji, watu mpaka nje. Mwenyekiti Ngassa kavaa koti na jua lile. Wilhelmina kasoma, pembeni mkubwa wao, Dakta Keneth, anaitikia kwa kichwa. Kwanza habari za dawa: watu wengi wananunua isiyo na maandishi kwa sababu ni rahisi, halafu wanakisia kipimo kwa kizibo. Wanaume wakacheka, wamejijua. Halafu maji. Kisima namba mbili kina dawa, msinywe. Namba tano kina dawa. Namba moja, salama. Namba nne, salama.

Watu wa mtoni wakapiga makofi. Zengo alikuwa upande wa wanaume, nimeona mikono tu, inapiga.

Halafu shangazi yake Zengo, yule Shida mwenye sauti, akasema wazi ili wote wasikie: kama maji mazuri, basi mtoto anayeumwa wiki mbili nzima aulizwe mama yake anaosha vyombo na nini. Watu wakaguna. Minza alikuwa amekaa na Kwandu mapajani. Akavuta kitenge akamfunika mtoto uso, kama vile anamkinga na jua.

Nikanyanyuka. Kweli nilinyanyuka. Nilikuwa nataka kusema.

Ngassa akaniona nimesimama, akasema haya, na mama yetu mtafiti huyu hapa, apigiwe vigelegele, bila miguu yake karatasi hii isingepatikana. Vikapigwa. Wilhelmina akaja akanifunga kanga mpya mabegani. Bluu na njano, nzuri. Nikasema asanteni. Nikakaa.

Asanteni. Ndilo neno nililolitoa.

Jumamosi, 22 Machi

Wilhelmina kaja peke yake kwa miguu, anafuata njia ya ng'ombe na viatu vyake vile. Nimempa viazi na maziwa ya mgando. Hakula. Katoa karatasi yenye namba nyingi, kanionyesha mistari miwili.

Anasema maji ya pampu yanatoka chini sana, yana chumvi. Ya mtoni hayana chumvi, ni ya mvua. Sasa kwenye karatasi namba moja na namba nne chumvi ni ileile. Ileile mpaka nukta. Kama mapacha, mayu. Haiwezekani.

Kumbe maji nayo yanasema yametoka wapi. Ningejua hilo nisingechota.

Anadhani yeye ndiye aliyechanganya karatasi za namba akiandika tena kule mjini, kwa sababu barafu iliyeyuka zikalowa, ikapimwa chupa moja mara mbili. Dakta Keneth kamgombeza mbele ya wenzake jana. Kasema mtu asiyeweza kutunza chupa sita hawezi kupewa kazi ya visima hamsini kule Lagangabilili. Atamrudisha Dar, atatafuta mwingine.

"Mayu, wewe una kumbukumbu nzuri kuliko sisi wote. Namba zilikuwa zimelowa uliponipa?"

Nikasema labda.

Akalia. Siyo kwa sauti, anafuta tu na kiganja na kuomba radhi. Huyu ni mdogo kwa Minza. Nilimshika bega, nikamwambia mwanangu nyamaza, makosa ni ya binadamu. Nilisema hivyo kweli. Nilimfariji kwa kosa langu.

Kasema Jumanne atakuja na chupa nyingine, aende mwenyewe mtoni. Jumanne. Leo Jumamosi.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda kwa Salu baada ya ibada. Nimepiga hesabu hivi: nikimwambia Salu saa nne, saa nane kijiji kizima wanajua, jioni Wilhelmina anajua, na mimi sijamwambia mtu ila Salu. Nikakaa. Nikasema Salu, kuna jambo. Akaacha kuchagua mchele kabisa, macho yanang'aa. Nikayajua yale macho. Ni yangu. Ndivyo ninavyowatazama watu wakija na mambo yao.

Nikaona atakavyosema. Hatasema chupa. Atasema mama mkwe kamchungulia mkwe mtoni. Minza atasikia kisimani. Zengo atasikia mnadani. Atarudi wapi na uso gani, na binti yangu ndani ya nyumba ile?

Nikamwambia nimesikia bei ya mafuta ya taa inapanda. Akanisonya.

Jumatatu, 24 Machi, asubuhi

Kwandu hakulala, Minza katuma salamu. Maji yanayomkaa tumboni ni yale ya ndoo yangu, na ndoo waliyomtunzia yeye peke yake imeisha. Wamerudi mtoni. Karatasi imesema salama.

Nimefikiri sana, kichwa kinauma. Kwani lazima niseme yote? Maneno mawili tu. Chupa namba nne nilijaza pampu. Zengo asisuuze bomba mle. Wakiniuliza ulijuaje, nitasema nilijua. Wakiniuliza mbona hukuchota, nitasema — hapo ndipo naishia kila mara.

Kanga ya bluu na njano iko kwenye msumari. Sijaivaa hata siku moja. Salu anaitamani.

Sawa. Nimefungua upande wa mbele, ule ambao Wilhelmina anasoma. Chini ya jina la Kwandu nimeandika kwa herufi kubwa: NAMBA NNE SI MAJI YA MTONI. NILIDANGANYA MIMI. YA MTONI MSINYWE. Wilhelmina hana kosa. Nimeweka na jina langu lote. Imesomeka. Sasa nichane, nimpelekee Minza mwenyewe na ndoo mbili, mguu ukiuma uume, halafu Jumanne nimpe Wilhel—

Kuna mtu anaita uani. Mwanaume.

"Mayu!"

Si Ngassa. Ngassa hupiga hodi. Naona miguu chini ya pazia, mchanga wa mtoni umemganda mpaka magotini.

"Mayu! Mayu, toka! Kwandu!"

Ni Zengo. Yuko mlangoni kabisa, ananiita mimi. Miaka saba. Natafuta cha kujifunika kichwa na cha karibu ni ile kanga. Hapana. Naenda kichwa wazi, karatasi ninayo, naenda na