Shangazi na Kifaa cha Mkononi

Shoga, uko wapi? Mama leo katuaibisha, sina pa kuficha uso!

Unakumbuka shangazi alipopotea mwaka jana, tukashauriwa awekewe kile kifaa chini ya ngozi ya mkono? Kimetusaidia sana. Akisahau njia, mama anamwona kwenye simu na kumfuata.

Sasa leo kaaga anakwenda kliniki. Mama kuangalia simu, wifi yake yuko nyuma ya soko! Akatoka mbio, khanga inaburuzika, akausukuma mlango wa kinyozi bila hodi.

Shoga! Shangazi kakaa, anacheka mpaka machozi, na mkono wake umeshikwa na kinyozi. Yule mgane mpole! Kinyozi!

Mama akababaika: "Kifaa kimeonyesha uko huku, nikadhani umepotea!"

"Nimepotea wapi? Si nimefika?"

Eti amefika, shoga!

Kinyozi akauliza, "Kifaa gani?" Shangazi akainamisha uso. Hapo ndipo mama alipoona haya kwelikweli.

Njiani akamuuliza taratibu, "Wifi, sasa tufanyeje?"

"Nipigieni kwanza mniulize, kama watu. Nisipojibu, ndipo mnitafute."