Pembe Hailali Mwilini

Dada Edina, shikamoo.

Kadi hii ina picha ya mlima wenye theluji. Huku Biharamulo ni vumbi tupu, na ndizi za kuchoma nilizonunua stendi zimejaa mchanga. Tunamrudisha mama hospitali Mwanza.

Unaikumbuka ile bandeji ya goti lake jipya la chuma, yenye kimashine kinachonyonya majimaji ili mshono ukauke? Nesi alisema ikae wiki nzima. Juzi nilikwenda sokoni. Niliporudi nyumbani Mabawe nikamkuta shangazi ameshaibandua, na kimashine amekiosha kwa sabuni, amekianika juani pamoja na sufuria.

Nikapiga kelele. Shangazi akanitazama kwa huruma.

“Mwanangu, nesi mwenyewe alisema kinanyonya uchafu. Si ndiyo kuumika huko, kunyonya damu kwa pembe? Nimeumika watu tangu sijaolewa. Pembe ikishavuta damu mbaya hung'olewa, hailali mwilini.”

Mama naye, “Asante wifi, nimepata nafuu.” Nafuu! Mshono ulikuwa bado mbichi, na shangazi ameupaka majivu kama anavyopaka chale za watu anaowaumika.

Leo goti linanuka. Daktari amesema kwenye simu kwamba huenda chuma chenyewe kikatolewa. Sijamtukana mtu, ningemtukana nani? Shangazi hapati usingizi kwa kumuuguza.

Nisalimie watoto, mtuombee. Shangazi anakusalimu sana. Tuko naye hapa kwenye gari, ameupakata mguu wa mama, na ndani ya mkoba wake nimeiona pembe.

Mdogo wako,
Yusta