Upande wa Pili wa Mlima

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Kijenge hatujambo. Mama yako amepona kifua, na ng'ombe wetu amezaa jike.

Unauliza niliwezaje chuo, maana masomo na kwaya vimekuelemea hadi unajiona nusu mtu. Nami nilisomea ualimu hapa Arusha enzi za Mwingereza, nikitaka kuwa kamili darasani, bustanini, kanisani. Nilikonda.

Siku moja mwalimu alitupeleka mashariki ya Mlima Meru. Mimi nilikulia magharibi, nikiuona mlima ule mzima, umechongoka. Wingu lilipoinuka nilishika mdomo. Ubavu mzima haukuwepo! Na ndani, palepale palipobomoka, kilima kipya cha majivu kilikuwa kimeota.

"Mwalimu, nani aliuvunja?"

"Ulijivunja wenyewe, zamani sana."

Usiku ule nililala bila kufungua kitabu, mara ya kwanza tangu nianze chuo.

Ukija likizo tutakwenda ukauone. Kutoka hapa barazani unaonekana mzima. Mimi najua ulivyo kwa nyuma, na huo uliobomoka ndio mlima ninaousalimia kila asubuhi.

Bibi yako