Mjomba Amekataza Nikuandikie Haya

Karakana ya Kuchomelea,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo, mama? Wenzako wa chumbani wazima? Na mchumba wako, bado anacheka kama trekta linalokataa kuwaka? Msalimie sana. Lile koti ulilosema linakubana, ulishampelekea fundi? Sisi huku tu wazima, na safari hii nikisema wazima nina maana yangu. Kaa kitako kwanza.

Mjomba amekataza nikuandikie haya. Ndiyo maana naandika mchana kweupe, mlango wa karakana wazi, anione apitapo.

Unakumbuka nilivyokuwa nalalamikia kichwa. Basi nikaenda kliniki. Siku hizi, kabla hujamwona daktari, unaingizwa kwenye kijichumba chenye pazia, unapewa kompyuta ya kubonyeza kwa kidole na vidude vya kuvaa masikioni. Sauti ya kike, ya upole, inakusomea maswali, wewe unabonyeza jibu. Unavuta sigara? Nyumbani kuna anayekupiga? Mimba zako zilikwendaje? Mambo ambayo nesi angeniuliza nikaishia kutazama dari. Ile mashine haikunji uso, wala haina shoga wa kwenda kumsimulia. Nikajibu kweli tupu.

Mpaka ikauliza: mama yako, dada zake au bibi yako, yupo aliyewahi kuugua saratani ya titi? Nikabonyeza "Sijui." Mama yako alifariki kwa ugonjwa gani? Hapo nikakwama. Mimi na wewe tumeambiwa miaka yote ni kifua. Kifua gani, Chiriku? Mama uliwahi kumsikia akikohoa?

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Mama Mkubwa. Nilimkuta anaanika mashuka.

"Mambo mengine huzikwa na mwenyewe," akaniambia, hata hajageuka.

"Mama Mkubwa, mimi bado sijazikwa."

Shuka likamponyoka likaanguka vumbini. Lilikuwa titi, akasema. La mama, na kabla yake la bibi. Mama aliona haya kuvua nguo mbele ya daktari, na wazee wakaona heri kiitwe kifua, mabinti tusije tukakosa waume.

Nililia, lakini kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nikarudi kliniki nikayajibu upya maswali yote. Daktari aliyasoma, akaniagiza nikapigwe picha ya matiti siku ileile. Wakakuta kivimbe kidogo, ndani kabisa, ambacho kwa mkono nisingekigusa kamwe. Wamelikata titi la kushoto. Nikatundikiwa dawa za mshipani, nywele zikapukutika zote. Nikivua kofia ya kuchomelea, wateja walidhani nimevaa nyingine. Ndiyo maana simu zangu zilikuwa fupi. Sasa nywele zinaota, na daktari anasema tumewahi. Mkono hulalamika nikiinua chuma kizito. Nauacha ulalamike. Geti la shule nimelimaliza juzi, na limesimama wima.

Nilipomwambia Mjomba kwamba lazima nawe ujue, alipiga meza. "Ukimwandikia, umemvunjia ndoa!"

"Mjomba, mimi ni fundi," nikamjibu. "Kiungo cha chuma kinachoachia kwa kuguswa tu hakikuwa kimeshika."

Akanifukuza sebuleni kwake. Nikatoka taratibu, sikukimbia.

Sasa nisikilize. Tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Nenda kapimwe juma hili hili. Wataje mama, bibi na mimi, na ugonjwa uutaje kwa jina lake. Huenda huna kitu, maana si kila mtoto hurithi. Lakini "huenda" si jibu. Mchumba wako umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Akikimbia, mwache akimbie, utakuwa umepona magonjwa mawili.

Lingine hili ulisikie. Mama Mkubwa, yule yule anayezimia akiona sindano, alikwenda kuwachukua binti wawili wa Mjomba awapeleke kliniki. Mjomba akasimama mlangoni, akafoka kwamba watoto ni wake.

"Ni wako," Mama Mkubwa akamwambia. "Ndiyo maana nataka waje wakuzike wewe, si wewe uwazike wao."

Mjomba akapisha.

Mabinti wamepimwa, wako salama, wanakusalimu. Mama Mkubwa naye amepimwa na anakusalimu. Anasema ukimpigia Mjomba simu, mwamkie kwa adabu zote, ila ruhusa usimwombe.

Mungu akuzeeshe, mdogo wangu, mpaka meno yakuishe kinywani.

Wako akupendaye, mwenye titi moja na ulimi mzima,

Dada yako