Nilivyomtafsiria Mzungu, Gesima 1974

Tryphosa, nimeshindwa kungoja kesho kukuandikia.

Unajua namtafsiria yule Mzungu anayetafiti kama Wakisii huamua mambo kila mtu peke yake au ukoo mzima. Leo watu wa nyumba tuliyopangiwa hawakuwepo, walikuwa wamepeleka majani chai kituoni, Mzungu akasema basi tuingie nyumba inayofuata, hajui ni ya nani. Kwetu, Tryphosa. Amhoji Baba.

Akauliza: jambo kubwa likitokea nyumbani, unaamua peke yako?

Baba akacheka. "Peke yangu vipi? Juzi tumekaa na ndugu zangu, tukakata shauri. Msichana wangu aache mambo ya chuo cha ualimu, aende Nyansiongo kulea watoto wa kaka yake, Walter, maana mama yao ametuacha."

Msichana wake ni mimi. Nimesikia habari hiyo hapo hapo, kwa mara ya kwanza. Na nikatafsiri yote, kwa sauti ile ile.

Mzungu anaandika tu, amefurahi. "Muulize, huyo msichana aliulizwa?"

Nikamuuliza. Baba akaniangalia kwa upole, hata hakuwa na hasira.

"Mwambie tunamuuliza sasa."

Yule mtoto wa mwisho wa Walter hata hajaanza kutembea.

Nikamgeukia Mzungu nikamwambia, amekubali.

Akaandika, tukaendelea na swali la pili.